Barua za Kikapu: Nani Kamwacha Mwenziwe?

Mwezi huu sanduku limejaa Dallas, timu ya NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani. Nimeitanguliza barua moja ya Wete kwa sababu imebeba maswali ya wengi, nikaifuatishia tatu za Unguja. Waliouliza bei za viatu vya kuchezea kwenye saruji wanivumilie hadi toleo lijalo. Wauzaji wa Darajani bado hawajaniambia bei ya kweli.

Kaka ananicheka kwa jezi ya Luka

Asalaamu alaykum Mwalimu. Mie kijana wa Wete, naipenda Dallas Mavericks tangu nipo skuli, mwaka ule wa 2011 walipoifunga Miami. Nyota wao Dirk Nowitzki ndiye aliyenitia kwenye kikapu. Alipostaafu akawepo Luka Dončić, nikasema tumepata mwengine wa kukaa nasi miaka 20. Jezi yake nambari 77 niliisaka kwenye mitumba mpaka nikaipata. Sasa ile Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, asubuhi, niko dukani kwa ami yangu nashusha magunia ya mchele, simu inaniambia Luka kapelekwa Los Angeles Lakers na Dallas wamemchukua Anthony Davis. Nilijua ni uongo wa mtandaoni. Haukuwa uongo.

Tangu hapo maskani hapakaliki. Kaka yangu ni mtu wa Lakers. Anasema tusimpigie kelele meneja wa Dallas, kwani wachezaji wakubwa wote hawana uaminifu: LeBron kaikimbia Cleveland mara mbili, Kevin Durant kaikimbia Oklahoma City akajiunga na waliomfunga, na timu nazo zimejifunza kuwahi kabla hazijaachwa. Anasema zamani mchezaji alikuwa akianza na timu anakufa nayo. Mie naona timu ndiyo iliyosaliti. Nani alianza? Na nifanye nini, nibaki na Dallas au nimfuate Luka kwa mahasimu? — Sabini na Saba, Wete

*Waalaykumu salaam mwanangu.* Nianze na kaka yako. Ana maneno mawili: moja lina nusu ya ukweli, jengine porojo.

Porojo ni hilo la zamani. Nimelisikia miaka yote niliyokaa meza ya kuandika pointi uwanja wa Mao, na mara nyingi hutoka kwa watu ambao zamani yenyewe hawaijui. Zamani mchezaji hakuondoka kwa sababu hakuwa na pa kutokea. Mkataba ukimalizika, timu ya NBA ilibaki na haki juu yake. Akitaka kucheza ligi ile, acheze hapo hapo au akae nyumbani. Oscar Robertson, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mwaka 1970, na kesi ikaisha kwa maafikiano mwaka 1976. Hata baada ya hapo ilisubiriwa hadi 1988, ndipo Tom Chambers akatoka Seattle kwenda Phoenix akiwa mchezaji huru kamili, timu yake ya zamani haina uwezo wa kumzuia. Kwa hiyo mtu akikutajia Bill Russell na misimu yake 13 Boston, mpe heshima yake, mataji 11 si mchezo, lakini muulize: angetaka kuondoka angepita wapi? Na timu za zama hizo hazikuwa malaika. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962. Januari 1965, msimu haujaisha, timu yake ya San Francisco ikampeleka Philadelphia. Kareem Abdul-Jabbar naye aliipa Milwaukee ubingwa mwaka 1971, kisha mwenyewe akaomba kuondoka, na mwaka 1975 akaenda Lakers. Ndiyo, Lakers hiyo hiyo ya kaka yako.

Nusu ya ukweli ni LeBron James. Kweli kaondoka Cleveland mara mbili. Lakini mara ya kwanza, Julai 2010, mkataba wake ulimpa haki ya kutoka, ameshawatumikia misimu 7, hakuvunja sharti hata moja. Alichoharibu ni namna. Alikwenda kukaa kwenye televisheni, nchi nzima inatazama, ndipo akatangaza kuwa anakwenda Miami. Watu wa kwao, maana Akron alikozaliwa ni karibu kabisa na Cleveland, wakasikia wakati mmoja na wapita njia. Jezi zake zikachomwa moto barabarani. Akarudi 2014. Mwaka 2016 walikuwa nyuma 3-1 kwenye fainali na Golden State, wakapindua, wakachukua ubingwa, na mji ule ulikuwa haujaona kikombe kikubwa cha mchezo wowote tangu 1964. Mwaka 2018 akaondoka tena, safari hii kwenda Lakers. Alipokuja Cleveland kucheza kama mgeni, uwanja ulisimama ukampigia makofi. Mtu ni yule yule na mji ni ule ule.

Sisi tumelelewa kwa maneno haya: kukaa kwa wema au kuachana kwa wema. Talaka hapa kwetu hazijawahi kuwa haba, na kila mtaa unamjua mwanamke aliyepewa yake mbele ya wazee, akasindikizwa na vyombo vyake, na unamjua pia yule aliyeletewa habari na shoga yake akiwa sokoni anachagua nyanya. Kwenye kikapu mie napima hapo tu. Miaka aliyokaa mtu siihesabu.

Durant. Huyu nataka nikae naye kidogo, kwa sababu kisa chake husimuliwa kuanzia katikati. Seattle ilimchagua mwaka 2007, timu za ligi zilipogawana vijana wapya, akacheza msimu mmoja, akatajwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Mwaka 2008 wenye timu wakaing'oa Seattle, mji uliokaa nayo misimu 41, wakaipeleka Oklahoma City na jina wakaibadilisha. Kijana wa miaka 19 akapakiwa pamoja na mipira. Hakuna aliyemuuliza, wala hakuna aliyewauliza watu wa Seattle waliolipa viingilio tangu babu zao. Akacheza misimu 8 kule. Mwaka 2016 mkataba umekwisha, akaenda Golden State, timu iliyowatoa kwenye mtoano mwezi mmoja na kitu nyuma wakati wao walikuwa wakiongoza 3-1. Oklahoma City ikamwita msaliti. Uamuzi ule mie sikuupenda hata kidogo. Kujiunga na aliyekushinda jana kunatia maji kwenye mchezo. Lakini kutonipendeza mie si kuvunja ahadi. Na mji ulioipata timu yake kwa kung'olewa mji mwengine ukianza kuhubiri uaminifu, watu wa Seattle wana haki ya kuziba masikio.

Sasa Luka wako. Kisheria Dallas hawakuvunja kitu. Ili mchezaji wa NBA awe na haki ya kukataa kuhamishwa, sharti awe na miaka 8 kwenye ligi na 4 na timu hiyo, na timu yenyewe ikubali kuliandika hilo kwenye mkataba, jambo ambalo timu hulikwepa. Wenye haki hiyo ni wachache mno. Wengine karibu wote hulala wakiwa wa mji huu na wanaweza kuamka wa mji mwengine. Luka alikuwa na miaka 25, ameshatajwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi mara 5 mfululizo, na miezi 8 nyuma alikuwa amewafikisha fainali dhidi ya Boston. Mazungumzo yakafanywa kwa siri, yeye akapewa habari jambo limeshaiva. Hapa kwetu ilikuwa saa 2 asubuhi, kwao usiku wa manane, na hata Wamarekani wenyewe walidhani akaunti ya mwandishi imedukuliwa. Sababu iliyotolewa na meneja ni kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa.

Kuna na hesabu ambayo kaka yako hakukwambia. Angebaki Dallas, katikati ya mwaka ule Luka angekuwa na haki ya kusaini mkataba wa takriban dola milioni 345 kwa miaka 5. Pesa za kiwango kile ligi imezitenga makusudi kwa nyota anayebaki na timu iliyomlea, ili asiwe na hamu ya kuhama. Alipohamishwa, haki ile ikafutika. Agosti 2025 akasaini na Lakers miaka 3 kwa dola milioni 165. Hebu niambie hapo aliyetaka kuwahi kabla ya kuachwa alikuwa anawahi nini. Huyu kijana alikuwa hajafunga hata mkoba.

Uchungu wako unazidi kwa sababu Dallas ndiyo klabu iliyojinasibu na uaminifu kuliko zote. Sanamu ya Nowitzki ilizinduliwa nje ya uwanja wao tarehe 25 Disemba 2022, na maandishi yake yanasema uaminifu haufifii. Misimu 21, timu moja. Watu hulisoma hilo kama sifa ya Nowitzki peke yake. Mwaka 2006 Dallas waliongoza fainali 2-0 dhidi ya Miami, wakafungwa 4-2. Msimu uliofuata wakashinda mechi 67, Nowitzki akawa mchezaji bora wa ligi, kisha wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State iliyoingia mtoano ikiwa ya nane. Alisemwa kuwa ni laini, hana moyo wa mechi kubwa. Meneja mwenye haraka angemuuza wiki ile ile. Wakamvumilia, na mwaka 2011 akawalipa, tena mbele ya Miami yenye LeBron ndani yake. Mwaka 2014 ikawa zamu yake: akasaini miaka 3 kwa dola milioni 25 na huku timu nyengine zilikuwa tayari kumpa takriban mara tatu kwa mwaka, ili Dallas wabakiwe na nafasi ya kununua wenziwe. Walimbeba, naye akawabeba. Mashabiki waliokwenda na jeneza la maigizo pale uwanjani Februari 2025 walikuwa wanaizika biashara ile ya pande mbili, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Ubaki au uhame? Wewe huna mkataba na mtu. Hulipwi, hukuchaguliwa, hakuna anayeweza kukuhamisha. Tarehe 10 Februari 2025, Luka alipocheza mechi yake ya kwanza na Lakers, Nowitzki alikuwa amekaa Los Angeles anamtazama. Mwenye sanamu! Na tarehe 9 Aprili Luka aliporudi Dallas akaoneshwa picha za miaka yake pale, alilia mbele ya watu wote, kisha akawatia pointi 45, na uwanja wa Dallas ukamshangilia. Kwa hiyo vaa jezi yako. Ukitaka kuifurahia Dallas, wana Cooper Flagg, waliyempata akiwa chaguo la kwanza mwaka 2025, na meneja aliyemuuza Luka aliondolewa Novemba mwaka huo huo. Ukitaka kumwangalia Luka, mwangalie. Wengi hufanya yote mawili, wala hawaoni haya.

Na kaka yako muulize kuhusu Anthony Davis. Mwaka 2019 aliishinikiza New Orleans mpaka wakamwachia aende Lakers, na watu wa Lakers wakaona sawa. Mwaka 2020 akawasaidia kuchukua ubingwa. Mwaka 2025 wakampakia usiku mmoja kumbadilisha na Luka. Sijasikia maskani yoyote ya Lakers, Pemba wala Unguja, iliyomlilia.

Wananiita msaliti kwa sababu ya Dar

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nacheza namba moja, yule anayepanga mchezo, katika timu ya mtaa hapa mjini. Viatu vyangu vya kwanza nilipewa na timu, na kocha ndiye aliyenipeleka hospitali nilipovunjika kidole. Klabu moja ya Dar es Salaam imenitaka. Watanipa chumba, chakula, na watanilipia ada ya chuo. Nilimwambia rafiki mmoja tu, kesho yake nakuta imejaa kwenye kundi la WhatsApp. Wakubwa wa timu wananiita msaliti. Mmoja kaandika: "Curry kakaa timu moja tangu 2009, wewe hata ndevu hujaota unakimbia." Niende? — Namba Moja, Kikwajuni

*Marahaba mwanangu.* Nenda.

Aliyekulinganisha na Curry mwambie akuletee na mkataba wa Curry. Mwaka 2012, vifundo vya miguu vikimsumbua, alisaini na Golden State miaka 4 kwa dola milioni 44, bei ndogo kwa mtu wa kipaji kile, na ndiyo iliyowapa nafasi ya kumzungushia wachezaji. Wakachukua ubingwa 2015. Mwaka 2017 wakamlipa dola milioni 201 kwa miaka 5. Alivumilia, wakamlipa uvumilivu wake. Wewe unaambiwa ubaki ulipwe nini? Viatu ulivyopewa vilikuwa zawadi. Ingekuwa rehani ungeambiwa siku ile ile.

Nitakwambia na kisa cha Isaiah Thomas wa Boston, mtu mfupi kuliko wote uwanjani. Aprili 2017 dada yake alifariki kwa ajali ya gari siku moja kabla ya mtoano kuanza. Akacheza, akafunga 33. Tarehe 2 Mei, siku ambayo dada yake angetimiza miaka 23, akafunga 53 dhidi ya Washington. Nyonga ilikuwa mbovu, akaendelea mpaka ikakataa. Agosti mwaka ule ule Boston wakampeleka Cleveland kumpata Kyrie Irving. Mkataba mnono aliokuwa akiutarajia hakuuona tena popote. Alifanya kwa mapenzi na hakuna wa kumlaumu. Boston nao walikuwa na sababu zao za kimchezo. Ila mtu asikufundishe kwamba ukijitoa mhanga kuna daftari linaandikwa mahali.

Hata hapa kwetu nimeliona. Klabu moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na kijana aliyecheza msimu mzima na goti limefungwa bendeji kwa sababu hakukuwa na mwengine wa nafasi yake. Msimu mpya ulipoanza jina lake halikuwemo kwenye orodha. Viongozi waliokuwa wakimwita "mtoto wetu" hakuna aliyekwenda kumwambia. Nilikwenda mie mwenye daftari la pointi, kwao, mama yake akaniletea chai na sikuweza kuinywa.

Kwa hiyo nenda, lakini kuondoka kwako ndiko kutakakotazamwa. Tayari umekosea hatua moja ndogo, ulimwambia rafiki kabla ya kocha. Bado inatengenezeka. Leo baada ya magharibi nenda nyumbani kwa kocha, si uwanjani, na mchukue baba au mjomba. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo, usimwandikie. Muombe barua ya kukuruhusu na uhakikishe chama cha kikapu kina nakala yake. Usipande boti ukategemea kuwa itafuata. Kama msimu haujaisha, cheza mechi zilizobaki, na zicheze kweli. Jezi irudishe imefuliwa. Na klabu ya Dar wakuandikie ada ya chuo kwenye karatasi: kiasi gani, wanalipa lini, na ukiumia je? Hilo la kuumia vijana hawaulizi.

Usiyaache mambo yakafika yalikofika kwa Feisal Salum wetu na Yanga. Kuanzia Disemba 2022 mpaka Juni 2023 ni mvutano, mpaka Rais akaomba limalizwe, ndipo akahamia Azam. Nani alikuwa na haki, kila kibaraza kina hukumu yake na yangu siitoi hapa. Lakini mchezaji wa kiwango kile kukaa miezi hajagusa mpira wa ligi ni hasara ya kila mtu.

Ukiaga vizuri, hutafungiwa mlango. Damian Lillard alicheza misimu 11 Portland, mwaka 2023 akaomba kuondoka, akataja na timu anayoitaka, Miami, wao wakampeleka Milwaukee. Kulikuwa na maneno, lakini hakuna aliyemtukana mwenziwe. Mwaka 2025 akapasuka ukano wa kisigino kwenye mtoano, Milwaukee wakamwachia. Nani alimchukua, anachechemea, akijulikana kuwa msimu mzima hatacheza? Portland, miaka 3, dola milioni 42.

Ukirudi likizo, pita uwanjani uwafundishe wadogo. Na yule wa WhatsApp mwamkie.

Thabeet na Memphis

Mwalimu, tunabishana. Memphis walimwacha Hasheem Thabeet mapema mno au yeye ndiye hakujituma? — Wabishi wa Michenzani

Hakuna aliyemsaliti mwenziwe hapo. Memphis walimchukua akiwa chaguo la 2 la vijana wapya mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, kabla ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Curry aliyekuwa wa 7, na mzigo huo si yeye aliyejitwisha. Msimu wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ya chini, Februari 2011 wakampeleka Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Misimu 5, jezi 4. Mtu mrefu wa mita 2 na sentimita 21 aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa anahitaji muda, na timu iliyotumia chaguo la 2 haina muda. Walikutana vibaya, basi.

Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alichelewa kuanza, lakini Houston walimpa muda. Na msidhani ilikuwa asali tupu: mwaka 1992 timu ilimtuhumu kuwa anajifanya mgonjwa wa msuli, naye akataka auzwe. Wakapatana. Wakachukua ubingwa 1994 na 1995. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani, akicheza na saumu yake, na ligi ikamtaja mchezaji bora wa mwezi. Kaka yangu alikuwa baharia, aliniletea kanda za video za msimu ule kutoka Dubai. Kaseti moja nimeitazama mpaka ikakatika. Mwaka 2001, baada ya misimu 17, hata yeye akamalizikia Toronto, na hakuna mtu wa Houston anayemhesabu kuwa wa Toronto.

Mume wangu na Golden State

Mwalimu, mume wangu huamka saa 9 usiku kuwaangalia Golden State, kisha asubuhi hawezi kumpeleka mtoto skuli. Nikisema, ananiambia uaminifu ni kitu kikubwa. Nimfanyeje? — Mama Wawili, Mwanakwerekwe

Mama Wawili, mumeo anakuchezea. Miezi hii ya baridi kwao, Golden State wakicheza nyumbani San Francisco mechi nyingi huanza saa 12 au saa 1 asubuhi kwa saa zetu. Saa 9 usiku ni wanapokuwa safarini miji ya mashariki, Boston na New York huko. Msimu una mechi 82, na 41 ni za nyumbani. Hizo mwachie, ataamka na alfajiri kama watu wote, asali, atazame robo ya kwanza huku anamvalisha mtoto viatu. Za safarini atazame marudio jioni, simu akiwa ameifungia kabatini ili asijue matokeo. Akikataa, niandikie tena na uniambie anaitwa nani maskani kwao. Nina watu Mwanakwerekwe.